Kutibu kidonda cha mbwa mzee kwa mwanga mwekundu: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Wanaokuja kuniuliza kuhusu mwanga mwekundu huwa wameshanunua taa. Taa ipo, mbwa yupo, wiki tatu zimepita na kidonda kiko vilevile. Nikiwaomba wanionyeshe wanavyofanya, nakuta makosa yaleyale: wanamulika juu ya dawa ya rangi, wanakadiria dakika kwa kuhisi tu, mbwa bado analala pale pale palipomchubua, na hakuna daktari wa mifugo aliyekitazama kidonda chenyewe.

Mwongozo huu ni wa vidonda vya juu juu kwa mbwa aliyezeeka: sugu ya kiwiko iliyopasuka, mchubuko usiotaka kufunga, mshono wa upasuaji unaochelewa kupona. Ni wa taa za LED za kutumia nyumbani. Leza zenye nguvu za kliniki ni kazi ya daktari na vifaa vyake.

## Vitu vya kuandaa

Taa ya LED yenye mwanga mwekundu, nanomita 630 hadi 670 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, huandikwa nm kwenye boksi). Nyingine zina pia miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, nanomita 810 hadi 850 hivi. Mwekundu unaishia juu juu, kwenye ngozi, na ndiko kidonda kiliko. Infraredi huingia ndani zaidi na kwa kidonda cha juu si lazima. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji taa inatoa miliwati ngapi kwa kila sentimita ya mraba, na ni kwa umbali gani. Asipokuwa na jibu, usinunue. Bila namba hiyo, hatua ya tano haiwezekani kabisa.

Saa ya kuhesabu sekunde. Ya simu inatosha.

Maji ya chumvi. Chemsha lita moja ya maji, tia chumvi laini kijiko cha chai kimoja na nusu kilichosawazishwa (kama gramu 9), yaache yapoe yakiwa yamefunikwa. Tengeneza mapya kila siku.

Bomba la sindano la mililita 20, bila sindano yake, kwa kusafishia. Shashi safi, bandeji, glavu, na mkasi wenye ncha butu.

Kola ya koni ya kumzuia mbwa asijilambe.

Rula na daftari. Watu wengi huviruka hivi, kisha mwezi ukiisha hawajui kama wamepiga hatua.

Godoro nene la sponji, sentimita 10 au zaidi, lenye foronya ya kufulika.

Usitumie taa nyekundu ya kuleia vifaranga. Ile ni taa ya joto, na mbwa mzee mwenye ngozi nyembamba huungua kabla hujashtuka. Taa ya kukaushia kucha za saluni nayo iache, ile inatoa miale ya urujuanimno. Na kijitochi cha leza cha kuchezea kina hatari kwa macho na hakina faida yoyote kwa kidonda.

## Hatua ya 1: Kidonda kionwe na daktari wa mifugo kwanza

Hatua hii ina sababu nzito. Mwanga huu huchangamsha seli, na haubagui seli ya ngozi na seli ya saratani. Mbwa wazee hupata uvimbe wa saratani unaopasuka na kuonekana kama kidonda cha kawaida, hasa kwenye ngozi isiyo na rangi: pua, tumbo, masikio ya mbwa mweupe. Kidonda kilichotokea chenyewe bila kugongwa wala kung'atwa, chenye kingo zilizoinuka, kinachovuja damu kila mara, hakimulikwi mpaka daktari akate kipande kidogo na kukipima.

Mwombe daktari aangalie pia kinachochelewesha uponaji. Kisukari, figo zilizochoka, na matatizo ya homoni ni ya kawaida uzeeni, na kipimo cha damu hueleza mengi.

Mwambie dawa zote mbwa anazotumia. Kwetu mbwa wengi hupewa doksisaiklini, antibayotiki, kwa ajili ya homa za kupe, na dawa za kundi hilo huweza kuifanya ngozi iwe nyepesi kuungua kwa mwanga. Daktari anaweza kukuambia usubiri dozi iishe.

Kama kidonda ni cha kung'atwa na mbwa usiyemjua, vaa glavu na umuulize daktari kuhusu kichaa cha mbwa kabla ya jambo lingine lolote. Matundu ya meno huwa madogo nje na marefu ndani. Ukiyafunga juu, umefungia usaha.

Usimulike kabisa: machoni, juu ya uvimbe wowote usiojulikana, kwenye koo ilipo tezi ya shingo, kwenye tumbo la jike mwenye mimba, na kwenye jeraha linalotoka damu.

Umefaulu ukiwa na: jina la tatizo kutoka kwa daktari, na ruhusa yake ya kumulika.

## Hatua ya 2: Ondoa kilichosababisha kidonda

Nilikuwa na jike aitwaye Chui, miaka 12, aliyekuwa na kidonda kwenye kiwiko cha kushoto, sentimita 3 kwa 2. Kila asubuhi nilikuta shashi imekaukia kwenye nyama na sakafu ya baraza ina alama ndogo ya unyevu pale alipolala. Nyonga zilikuwa zinamuuma, kwa hiyo akitaka kulala hakujishusha polepole. Alijiachia, na kiwiko ndicho kilichotangulia kupiga saruji. Mara kumi, kumi na tano kwa siku. Hakuna taa duniani inayoweza kushindana na hilo.

Weka godoro mahali mbwa anapopapenda yeye, si unapopapenda wewe. Kama ana sehemu tatu za kulala, weka matandiko yote matatu. Mbwa akikataa godoro kwa sababu ya joto, tandika juu yake mkeka mwembamba, ule ubaridi ndio anaoutafuta.

Kwa kiwiko, tengeneza ngata. Ni ileile ya kubebea ndoo kichwani: kipande cha kanga kilichosokotwa kuwa duara, tundu la katikati likae juu ya kidonda, kisha kifungwe kwa bandeji bila kubana. Uzito unaangukia kwenye duara, kidonda kinabaki hewani. Tazama vidole vya mguu kila baada ya saa chache. Vikivimba au vikiwa baridi, umebana. Fungua hapo hapo.

Mbwa anayejilamba avishwe koni. Ulimi unaokwangua kidonda mchana kutwa hufuta ngozi changa kila inapochipua.

Usimpe panado, diklofenaki wala ibuprofeni eti kumpunguzia maumivu. Dawa hizi za binadamu huharibu ini, figo na tumbo la mbwa, na mzee ndiye anayeumia haraka. Ziko dawa za maumivu za mbwa, daktari atakupa.

Umefaulu ukiona: shashi ya asubuhi haina damu mpya, na mbwa amelala kwenye godoro bila kusukumwa.

## Hatua ya 3: Safisha, na uondoe rangi yote

Hapa ndipo taa nyingi hufia. Dawa zinazouzwa sana kwenye maduka ya mifugo ni za rangi: ile spirei ya buluu, ile ya fedha, na GV ya zambarau. Kitu cha buluu kinaonekana buluu kwa sababu kinameza mwekundu. Ukimulika mwanga mwekundu juu ya spirei ya buluu, unaimulika spirei. Ile ya fedha inaurudisha mwanga kama kioo. Isitoshe, spirei nyingi za buluu zina oksitetrasaiklini, dawa ya kundi lilelile la doksisaiklini.

Mafuta ya mgando, asali na krimu navyo viondolewe kabla ya kumulika. Kama daktari amekuelekeza utumie asali au krimu, ipake baada ya mwanga.

Fanya hivi:

Funika kidonda kwa shashi iliyoloana maji ya chumvi ili manyoya yasiangukie ndani. Punguza manyoya kuzunguka kidonda, upana wa vidole viwili. Manyoya huzuia mwanga kama pazia.

Ondoa shashi. Vuta maji ya chumvi kwenye bomba, sukuma kwa nguvu ya wastani kutoka katikati kwenda kingoni. Rudia mpaka maji yatoke safi. Usisugue.

Kama daktari amekuelekeza kutumia povidoni ya ayodini, izimue mpaka iwe na rangi ya chai ya rangi iliyo nyepesi, kisha isuuze yote kwa maji ya chumvi, maana nayo ni rangi. Haidrojeni peroksaidi na spiriti usitumie kila siku. Povu lile linaonekana kama usafi lakini linaua na seli changa.

Kausha ngozi ya pembeni kwa shashi. Kidonda chenyewe kiache na unyevunyevu wake.

Ukiona funza, usaha mzito, harufu kali, au nyama nyeusi iliyokufa, simama. Rudi kwa daktari. Mwanga hauondoi usaha wala haukati nyama iliyokufa.

Umefaulu ukiona: nyama ya waridi au nyekundu inayong'aa kwa unyevu, bila rangi ya dawa yoyote.

## Hatua ya 4: Pima na upige picha

Weka rula kando ya kidonda, piga picha kutoka juu, mwanga wa mchana, siku ileile ya kila wiki. Andika urefu na upana. Basi.

Jicho linalokiona kidonda kila siku hudanganyika. Nimeona mtu akisema kwa uhakika kabisa kwamba kidonda kinapona, na picha zake mwenyewe zikaonyesha kimeongezeka nusu sentimita.

## Hatua ya 5: Hesabu dozi

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu nusu ya wanaoshindwa wameshindwa kwenye hesabu hii, na hesabu yenyewe ni ya darasa la sita.

Dozi ya mwanga hupimwa kwa jouli, kipimo cha nishati, kwa kila sentimita ya mraba. Kwa kidonda kilicho wazi, dozi za kawaida ni kati ya jouli 2 na 4. Tuchukue 3.

Kanuni: miliwati kwa sentimita ya mraba × sekunde ÷ 1000 = jouli kwa sentimita ya mraba.

Ukitaka sekunde: jouli 3 × 1000 ÷ miliwati.

Taa yako ikitoa miliwati 20, unahitaji sekunde 150, yaani dakika mbili na nusu. Ikitoa 50, sekunde 60. Ikitoa 100, sekunde 30 tu.

Sasa mtazame mtu aliyenunua taa ya miliwati 100 akamulika dakika 20 kwa sababu alisikia watu hukaa mbele ya taa dakika 20. Dakika 20 ni sekunde 1200. Mara 100, gawa kwa 1000: jouli 120. Amempa mbwa wake mara 40 ya kinachohitajika. Na tiba hii ina tabia yake: kidogo hakifanyi kitu, kiasi husaidia, kupita kiasi huwazuia seli badala ya kuwachangamsha. Mbwa huyo nilimwona. Kidonda kilikuwa kikavu, kimepauka, kimegoma. Mwenyewe alikuwa akijinyima usingizi kumhudumia, na nilipomwonyesha hesabu alinyamaza kwa muda mrefu.

Kama taa inaonyesha nguvu yote kwa jumla tu, mfano miliwati 500, pima eneo inalomulika. Likiwa sentimita za mraba 10, gawanya: 500 kwa 10 ni 50.

Umbali nao ni sehemu ya dozi. Namba ya muuzaji iliyopimwa sentimita 5 haina maana ukishika taa sentimita 30. Mwanga umeshatawanyika.

Andika sekunde zako na umbali wako kwa kalamu nzito, bandika kwenye taa.

Umefaulu ukiwa na: namba mbili, sekunde na sentimita, zinazofuatwa na kila mtu wa nyumbani anayeshika taa hiyo.

## Hatua ya 6: Mulika

Subiri mbwa atulie, ikiwezekana baada ya kula. Mlaze upande usiouma. Mzee mwenye viungo vibovu usimgeuze kwa nguvu, na kama haoni au hasikii vizuri, mguse begani kwanza ajue upo. Mtu mwingine akae upande wa kichwa, mkono wake ukiyakinga macho ya mbwa. Wewe pia usiitazame taa.

Funika uso wa taa kwa nailoni nyepesi inayopitisha mwanga, na ubadilishe kila mara, ili vijidudu visihamie kwenye taa.

Ijaribu kwanza juu ya kiganja chako kwa muda uleule uliopanga. Ukihisi moto, sogeza mbali na uhesabu upya. Mbwa mweusi anahitaji uangalifu zaidi, maana rangi ya ngozi na manyoya hunyonya mwanga na kuugeuza joto.

Kisha mulika bila kugusa kidonda. Kama kidonda ni kikubwa kuliko eneo la taa, kigawanye vipande kwa macho: maliza sekunde zote sehemu moja, hamia ya pili. Usipeperushe taa huku na huko, hutajua nani kapata na nani kakosa. Jumuisha ngozi nzima ya kingoni, upana wa kidole kimoja. Ngozi mpya huanzia huko na kutambaa kuelekea katikati.

Infraredi haionekani kwa macho. Kujua kama taa yako inaitoa kweli, itazame kupitia kamera ya mbele ya simu huku ukiwa umezima mwekundu. Simu nyingi huonyesha mng'ao wa zambarau hafifu. Ni kipimo kilekile cha rimoti ya televisheni.

Umefaulu ukiona: mbwa ametulia, ngozi haina joto wala wekundu mpya. Mbwa akishtuka au kuvuta mguu, acha.

## Hatua ya 7: Funika, na ufuate ratiba

Weka dawa aliyoagiza daktari, kisha shashi isiyogandia, bandeji, na ngata kama ni kiwiko. Kidonda kinachofunikwa kikiwa na unyevu kiasi hupona vizuri kuliko kinachoachwa kikauke juani.

Kidonda kipya au mshono: kila siku au siku moja baada ya nyingine kwa wiki ya kwanza. Kidonda sugu: mara tatu kwa wiki, mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Ukiruka siku, usilipize kwa dozi mbili.

Utasikia wengine wakisema mwanga ni muujiza, wengine wakisema ni upuuzi. Tafiti za mbwa zenyewe hazijakubaliana. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2015 ulimulika majeraha ya wazi ya mbwa wazima wenye afya na haukuona tofauti na yale yasiyomulikwa. Mwaka 2019, nchini Marekani, dachshund 9 (mbwa wa miguu mifupi na mgongo mrefu) waliofanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo waligawanywa: baadhi walimulikwa kila siku kwa wiki moja, jouli 8 kwa sentimita ya mraba, wengine hawakumulikwa, na makovu ya waliomulikwa yalionekana bora. Dozi hiyo ni ya leza ya kliniki juu ya mshono uliofungwa. Usiihamishie kwenye kidonda cha wazi. Mimi naendelea kutumia mwanga kama msaidizi, kwa sababu haumwumizi mzee na hauchukui muda. Lakini sijawahi kuutumia bila hatua ya 1 hadi ya 3, na nisingemshauri mtu afanye hivyo.

Chakula kiangalie pia. Nyama mpya haijengwi na ugali mtupu. Mayai yaliyochemshwa, dagaa waliooshwa chumvi, maini kidogo. Kama figo zina shida, muulize daktari kabla ya kuongeza protini.

## Hatua ya 8: Soma kidonda wiki kwa wiki

Wiki ya kwanza: majimaji yanapungua, harufu haipo, nyama inaanza kuwa nyekundu yenye chembechembe kama ngozi ya stroberi. Ukubwa unaweza usibadilike. Usikate tamaa.

Wiki ya pili na ya tatu: ukingo mwembamba wa waridi, unaong'aa, unaingia ndani kutoka pembeni. Hiyo ndiyo ngozi changa. Inang'oka kwa shashi iliyokauka, kwa hiyo loanisha shashi kabla ya kuiondoa.

Wiki ya nne: namba za daftari ziwe zimeshuka waziwazi. Chui alitoka sentimita 3 kwa 2 akafika 1.5 kwa 1, na sehemu iliyobaki ilichukua wiki tatu nyingine.

Rudi kwa daktari bila kusubiri ukiona mojawapo ya haya: kidonda kimeongezeka, nyama imechomoza juu ya ngozi kama uyoga, kingo zimekuwa ngumu, mbwa amekosa hamu ya kula, au mguu umevimba. Wiki mbili bila milimita hata moja ya badiliko nayo ni sababu tosha. Peleka daftari na picha. Daktari ataona kwa dakika moja kile ambacho maelezo ya mdomo yangechukua nusu saa.

Ngozi ikishafunga yote, acha kumulika. Ngata na koni viendelee wiki mbili zaidi, kwa sababu ngozi hiyo ni nyembamba kama ganda la kitunguu na bado haina manyoya ya kuikinga. Godoro halitoki tena.